Kifaru Bila Pembe

Kiswahili kina njia rahisi ya kutenganisha vifaru viwili. Sema "kifaru anapita" na watu watatafuta mnyama mwenye pembe puani. Sema "kifaru kinapita" na watu watatafuta pa kujificha. Kiambishi kimoja tu, na nyama imegeuka chuma. Aliyekipa kile chombo cha vita jina hilo aliangalia vizuri: ngozi nene, uzito wa kutisha, macho yasiyoona mbali, pembe iliyotangulia mbele, na ile tabia ya kwenda moja kwa moja bila kuuliza kuna nani njiani.

Vijana wengi wa Kenya walikijua kifaru cha chuma kupitia habari za meli. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72. Kwa zaidi ya miezi minne nchi ilibishana: hivi ni vyetu ama ni vya Sudan Kusini? Serikali ilisema ni vyetu. Meli iliachiliwa Februari 2009, na hadithi ikabaki hivyo hivyo, nusu imesemwa, nusu imemezwa. Hiyo ndiyo kawaida ya vifaru katika historia yetu. Vinapita, vinaacha alama ya minyororo ardhini, na anayeeleza vilitoka wapi na vilikuja kufanya nini ni mtu mwingine.

Makala haya ni ya kifaru kidogo zaidi. Ni cha plastiki, kina urefu wa sentimita 8 hivi, na kimeundwa juu ya meza ya kulia chakula, ndani ya keja huko Mugutha.

Mugutha, kwa asiyejua, ni pale Thika Road ukishapita Ruiru lakini kabla hujafika Juja. Zamani pande hizi zilikuwa za mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Leo ni ploti, mabati mapya, na lori za mawe ya Ndarugu kuanzia alfajiri. Kila mtu anajenga kitu. Kwa hivyo ukionekana umebeba msasa, gundi na kopo la rangi, hakuna anayeshangaa, mpaka aone ukubwa wa mjengo wenyewe.

Kisanduku kilitoka Gikomba, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba, kati ya sungura wa kitambaa na gari la polisi lisilo na magurudumu. Kimepasuka pembeni na karatasi ya maelekezo imekuwa rangi ya chai. Juu kimeandikwa Airfix, Sherman, 1/76. Maana ya 1/76 ni kwamba kila sentimita ya modeli inasimama badala ya sentimita 76 za kifaru chenyewe. Panga modeli 76, pua kwa mkia, na utapata urefu wa Sherman moja halisi, karibu mita 6. Kwa kipimo hicho askari mzima, na buti zake, ana urefu wa nusu ya njiti ya kibiriti.

Trekta ilitangulia

Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Ilianza na vitu vya mpira vya kujazwa hewa, ikaendelea na vitana vya plastiki. Modeli yake ya kwanza haikuwa ndege wala kifaru. Mwaka 1949 ilitengeneza trekta ndogo ya Ferguson, ili mawakala wa kampuni ya Ferguson wawe na kitu cha kuwaonyesha wateja. Baadaye trekta hiyo ikauzwa ikiwa vipande vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Trekta yenyewe ni babu wa zile Massey Ferguson ambazo mpaka leo unazipata Kiambu zikivuta trela la majani ya ng'ombe huku foleni ya magari ikilaani nyuma.

Mwaka 1952 ikafuata meli ya Golden Hind, iliyouzwa kwa bei ya chini katika maduka ya Woolworths, na biashara ikanoga. Mwaka 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kupata uhuru, vikatoka vifaru vya kwanza, Sherman ikiwamo. Kalibu ya chuma iliyochongwa wakati huo iliendelea kutema vipande vilevile kwa miongo kadhaa, mmiliki wa kampuni akibadilika, picha ya juu ya kisanduku ikibadilika, lakini kifaru ndani kikiwa kilekile.

Watoto wengi wa Uingereza wa miaka ya 1960 na 1970 walijifunza vita vya baba zao kwa vidole. Walijua jina la kila gurudumu. Na hapo ndipo ilipo nguvu ya modeli, na pia ujanja wake. Kitabu cha historia unaweza kubishana nacho, unaweza kuandika kando ya ukurasa kwamba huyu mwandishi anatubeba ufala. Modeli haikupi nafasi hiyo. Mtengenezaji ameshaamua kabla yako. Kila kinachostahili kukumbukwa kipo kwenye fremu ya plastiki, kimepewa namba, kuanzia 1 mpaka mwisho. Kisichokuwa na namba hakikutokea.

Wakati mwingine uamuzi wenyewe hauhusiani na historia hata kidogo. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, kipimo cha 1/35 kilipatikana kwa sababu kifaru kilihitaji tumbo la kutosha kubeba mota na betri. Kipimo hicho sasa ndicho ambacho nusu ya dunia ya wapenda modeli inakitumia. Betri ziliamua, watu wakafuata.

Plastiki ya kale ina masharti

Ukianza kuunda kisanduku cha miaka mingi hivi, kwanza osha. Vipande vikitoka kwenye kalibu hubaki na mafuta ya kiwandani, na rangi haishiki juu ya mafuta. Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha viache vikauke. Vipande usivivunje kwa mkono kama unachuma mboga. Kata kwa wembe, acha kijisehemu, halafu sugua taratibu kwa msasa laini, ule wa mafundi wa magari.

Gundi ni somo jingine. Gundi halisi ya modeli haigandishi vitu viwili pamoja. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno. Ile super glue ya kioski inashika juu juu tu, na siku kifaru kikidondoka utaokota magurudumu chini ya kitanda mpaka Krismasi.

Kazi kubwa iko kwenye minyororo. Airfix waliitengeneza kwa plastiki laini, tofauti na ya mwili, ikiwa mkanda mmoja mrefu ambao unaunganisha ncha zake kwa kuziyeyusha na bisibisi ya moto. Ikizeeka, plastiki laini huwa na visa. Mafuta yaliyoifanya iwe laini hutoka polepole, na ikilala juu ya plastiki ngumu miaka mingi inaila, magurudumu yanageuka ute. Dawa ni kupaka rangi mahali inapogusana na magurudumu kabla ya kuifunga, iwe kama ngozi ya katikati.

Mwisho kuna stika za maji, zile nyota nyeupe za majeshi ya Washirika, ambazo kwa umri zinakuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Zibandike karatasi yake dirishani kwa selotepu, upande wa picha ukitazama nje, siku kadhaa. Jua linazirudisha weupe. Jua la Mugutha, ambalo linapasua rangi ya lango na kukausha sukuma wiki ikiwa bado shambani, kwa kazi hii ni fundi wa bure.

Na ni hapo dirishani, nyota zikianikwa, ndipo swali linapokuja. Hii Sherman ni ya nani?

Kichwa cha kifaru juu ya kifaru

Sherman ilipewa jina la jenerali wa Marekani wa karne ya 19. Marekani ilitengeneza karibu 50,000 kati ya 1942 na 1945. Ilipigana Afrika Kaskazini, Italia, Ufaransa, na pia Burma. Burma! Masikio ya mtu wa hapa yanasimama.

Katika familia nyingi za Kenya kuna hadithi ya guka, kuka au kwaro, inategemea unatoka wapi, ambaye alikwenda Burma. Nairobi ina soko linaloitwa Burma, karibu na Jogoo Road, kama vile Kariokor inavyobeba jina la Carrier Corps, wabeba mizigo wa vita vya kwanza. Karibu laki moja ya wanaume wa Kenya walihudumu jeshini katika Vita vya Pili. Wengi walikuwa katika King's African Rifles, KAR, jeshi ambalo amri zake zilitolewa kwa Kiswahili cha aina yake, kilichoitwa KiKAR. Kwanza walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Mateka wa vita hivyo waliletwa Kenya kwa maelfu, na kambi moja ilikuwa Ndarugu, hapo mbele ya Juja, Ndarugu hiyo hiyo ya mawe. Kisha vikosi vya Afrika Mashariki vikapelekwa Ceylon, na kutoka huko Burma.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua za masika za Asia, katika matope, malaria na homa ya chawa wa porini, ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Desemba mwaka huo divisheni ilifika Kalewa na kuvuka. Hapo likawekwa daraja la chuma la kuunganishwa, lenye urefu wa karibu mita 350, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo wakati ule. Na alama ya divisheni hiyo, ile iliyoshonwa begani na kupakwa kwenye magari yake, ilikuwa nini? Kichwa cha kifaru. Yule wa a-wa, mwenye pembe.

Sasa unaona kishawishi kilivyo kitamu. Brashi ya nywele tatu, dakika ishirini za kushikilia pumzi, na unaweza kuchora kichwa cha kifaru juu ya kifaru. Mnyama juu ya chuma, guka juu ya Sherman. Piga picha, weka mtandaoni, na kufikia jioni watu elfu wameandika "heshima".

Lakini ingekuwa uongo. Divisheni ya 11 ilikuwa ya askari wa miguu, na haikuwa na kikosi chake cha Sherman. Sherman za Burma zilikuwa za vikosi vya Kihindi na Kiingereza. Mwafrika wa KAR alitembea. Alibeba bunduki, chakula, mwenzake aliyeugua, na alikata njia ambayo magari ya wengine yalipita baadaye. Vita vilipokwisha, malipo ya kuachishwa kazi yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na mzungu wa cheo kilekile alipata mara kadhaa zaidi. Mzungu aliyerudi kutoka vitani alifunguliwa mpango wa makazi katika nyanda za juu za Kenya, shamba na mkopo. Mwafrika alirudi reserve.

Kwa hivyo kumchorea kifaru ni kumpa guka gari ambalo hakuwahi kupewa. Ukimpa gari, unamnyang'anya miguu, na miguu ndiyo iliyofika Kalewa. Tumezoea kulalamika kwamba wazungu waliiandika historia yetu vibaya. Ni haki kulalamika. Lakini hamu ya kuirekebisha inaweza kutupeleka pabaya vilevile, tukijaza nafasi kwa sifa badala ya kilichotokea.

Basi kuna Sherman iliyofika kwetu kweli? Iko. Lakini ilikuja bila mzinga, na haikuja kupigana na Mjapani wala Mjerumani. Ilikuja kupigana na vichaka vya Ugogo.

Vita vya karanga

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Vita vimeisha lakini siagi na mafuta ya kupikia bado yalikuwa ya kadi. Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, tawi la Unilever, akaja na wazo: Tanganyika kuna ardhi tupu, tulime karanga kwa mashine. Mpango ulioidhinishwa mwaka uliofuata ulilenga ekari zaidi ya milioni 3 katika miaka sita, zikigawanywa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, na 10 hapa Kenya. Waziri wa Chakula, John Strachey, akausimamia. Mahali pa kuanzia: Kongwa, katikati ya nchi, kwa Wagogo.

Ardhi haikuwa tupu. Wagogo walikuwa wakifuga na kulima huko, na walijua kitu ambacho wataalamu walikipitia haraka: mvua ya Ugogo huja ikipenda. Udongo wake mwekundu, ukinyeshewa, unalimika. Ukikauka unakuwa saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi. Fikiria kung'oa karanga kutoka kwenye saruji.

Lugha ya mpango ilikuwa ya kijeshi. Wafanyakazi wengi wa Kiingereza walikuwa wanajeshi waliotoka vitani majuzi, na magazeti yaliwaita jeshi la karanga. Trekta za kutosha hazikuwepo sokoni, kwa hivyo zilinunuliwa zilizotumika, mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na nyingi ziliharibika ndani ya miezi michache. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Mibuyu ilikataa. Ikabidi watumie minyororo ya nanga za meli, ikivutwa kati ya mashine mbili ili kulaza msitu.

Ndipo akili ikaenda kwa vifaru. Dunia ilikuwa imejaa Sherman zisizo na kazi. Kampuni ya Vickers ya Uingereza, ambayo ilikuwa imetengeneza vifaru miaka mingi, ikachukua Sherman, ikatoa kichwa na mzinga, ikaunda upya mwili, na kuigeuza trekta nzito ya minyororo. Majina mawili yakashonwa kuwa moja: Shervick. Zikapakiwa melini kuja Tanganyika.

Simama hapo kidogo uangalie kalenda. Mwaka 1949, London, Airfix inageuza trekta kuwa plastiki. Miaka hiyohiyo, Kongwa, vifaru vinageuzwa trekta. Ile trekta ndogo ya Ferguson iliishia kuzaa ukoo wa trekta ambao wakulima wa Afrika Mashariki wanautumia hadi leo. Ile kubwa, yenye damu ya Sherman, haikuuokoa mpango. Msimu wa kwanza ulilenga ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Ukame ukafuata. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa ndoto na kufuta pauni milioni 36.

Kinachosahaulika kwa urahisi ni watu waliofyeka, kuchimba na kuendesha. Maelfu ya Waafrika waliajiriwa, wakalala kwenye mahema, bei za vyakula zikapanda kuliko mishahara. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipopanda na reli kwenda bara, Kongwa nayo iligoma. Wale walioitwa jeshi la karanga hawakuwa peke yao. Kulikuwa na jeshi jingine chini yao, lisilo na jina gazetini. Hata hivyo ndilo lililojifunza injini, kulehemu, na namna ya kumwambia bosi hapana.

Kutoa pembe

Hii ndiyo Sherman ninayoiamini. Haina utukufu, lakini ilikuwa hapa.

Karatasi ya maelekezo haina msaada tena baada ya hatua ya magurudumu. Kichwa na mzinga vinabaki kwenye fremu. Pale kichwa kilipopaswa kukaa kuna shimo la duara, na shimo linazibwa kwa plastiki nyingine. Vikombe vingine vya yoghurt ni vya plastiki ya jamii moja na modeli, polistireni, na vinakubali gundi ileile. Kata kwa mkasi, laza chini ya kitabu kizito, sugua. Kiti cha dereva kimetoka kwenye mfuniko. Bomba la moshi ni kijiti cha pamba ya masikio. Mnyororo wa nyuma ulikuwa wa mkufu uliokatika. Vickers walibadilisha mengi zaidi ya hapo; modeli hii inafuata wazo na umbo la jumla, kama mtu anayesimulia tena kisa kwa maneno yake.

Kwa rangi, nilikwenda hadiwea moja ya hapo mtaani. Rangi za modeli zinauzwa kwa vikopo vidogo mno, na kwa bei ya kukufanya uombe kiti. Rangi ya mafuta ya kawaida, ikichanganywa na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama maziwa, inafanya kazi. Mzee wa kaunta alitaka kujua vipimo.

"Robo lita ya njano? Kijana wangu, unapaka nini?"

"Kifaru, mzee."

"Mnyama ama gari?"

"Gari. Lakini lilikuwa la vita, likafanywa la kulima."

Akacheka, akapima. "Basi hilo lilipata akili. Mengine yanafanywa kinyume."

Safu ya kwanza iwe nyembamba. Ya pili pia. Uvumilivu huo ni mgumu, mkono unataka kumaliza leo. Ikikauka, chukua nyeusi iliyoyeyushwa sana na uiachie itiririke kwenye mifereji na kando ya misumari. Inajificha mahali kivuli kingejificha, na ghafla kitu cha sentimita 8 kinaonekana kizito. Halafu brashi iliyokaushwa kwenye kitambaa mpaka imebaki na rangi ya kuhesabika, ipitishwe juu ya kingo tu, ili chuma kilichochubuka kionekane. Kutu ni kahawia na tone la rangi ya chungwa, kidogo kuliko unavyotaka.

Mwisho ni vumbi. Mugutha ina bahati ya udongo: upande mmoja ule mwekundu wa kahawa, na ukiteremka kuelekea Juja, ule mweusi unaoshika viatu na kudai mahari. Kwa Kongwa ni mwekundu. Uchekeche kwa soksi ya nailoni, uchanganye na tapentaini, upake chini ya tumbo, kwenye minyororo, kwenye mikunjo. Tapentaini ikikauka vumbi linabaki, na mashine inaonekana imefanya kazi wiki nzima na kushindwa.

Nyota nyeupe, ambazo jua lilizirudishia usafi wake, sikuzibandika. Kichwa cha kifaru cha Divisheni ya 11 kiko kando, kwenye kipande cha kadi, peke yake. Hakihitaji gari chini yake.

Kilichobaki

Hadithi ya Sherman hapa kwetu haikuishia Kongwa. Uganda ilipata Sherman zake kutoka Israeli, wakati nchi hizo mbili zilikuwa marafiki, kabla Idi Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972. Amin mwenyewe alikuwa askari wa KAR tangu 1946. Hizo zilikuja na mizinga yake. Ukitaka kuunda Sherman ya Afrika Mashariki kama ilivyo kwenye kisanduku, bila kutoa chochote, utaunda ya jeshi lililokuja kutumika kuwaogofya raia wake. Historia haikupangi uchaguzi mzuri.

Na Kongwa? Mpango ulipokufa uliacha barabara, majengo, stesheni ya reli. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za kusini, bado ipo. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa. Mwaka 1964 serikali huru ya Tanganyika, mwaka ambao ilikuja kuwa Tanzania, iliwapa wapigania uhuru kambi huko huko Kongwa. FRELIMO wa Msumbiji walikuwapo, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Vijana waliotembea kutoka nchi tano walijifunza kupigana kwenye ardhi ambayo vifaru visivyo na mizinga vilikuwa vimeshindwa kuilima. Wao pia, kama wale wa Kabaw, hawakuwa na magari ya kutosha. Walitembea kwenda, na waliobahatika walitembea kurudi.

Hakuna kampuni iliyotoa kisanduku cha hayo. Huenda haifai itolewe. Kitu kikishapewa namba na fremu, watu huacha kuuliza. Lakini plastiki inakatika kwa wembe, na kikombe cha yoghurt kinashika gundi, na udongo ni wa bure. Mtu wa Mugutha, ambaye kila siku anaona nyumba zikipandishwa kwa mawe ya Ndarugu bila ramani iliyonyooka, anajua kwamba ramani haikatazi mtu kujenga. Inachodai mjengo ni nguzo kusimama pale penye mwamba.

Kichwa cha Sherman na mzinga wake viko bado kwenye fremu, safi, vikiwa na namba zake. Trekta iliyo mezani haina namba. Ina vumbi.